Mteremko wa mawe na chokaa: namna ya kuusoma udongo wake kabla ya kuulima

Ukilima kwenye mteremko mkali na jembe likagonga kigae kila pigo, usiharakishe kusema udongo umekwisha. Kwenye vilima vya mwambatope, yaani tope la kale lililogandamana hadi likawa jiwe linalobanduka vipande bapa kama kurasa za kitabu, mawe ni sehemu ya udongo wenyewe. Yanayoamua shamba litakupa nini ni mambo matatu: kama chokaa ipo au haipo, udongo laini uliobaki kati ya mawe ni kiasi gani, na matabaka ya mwamba yameinamia upande upi. Yote matatu unaweza kuyapima mwenyewe kwa vifaa vya nyumbani.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuuhudumia udongo wa chokaa kama ule mwekundu wenye tindikali ulioenea sehemu kubwa ya Uganda. Mkulima amesikia kila semina ikisema "weka chokaa, weka majivu", naye anaweka. Kwenye udongo ambao tayari umejaa chokaa, kila ndoo ya majivu inazidi kufunga chuma, zinki na fosforasi, na mahindi yanageuka manjano huku mbolea ipo ardhini.

Chokaa inapatikana wapi

Vilima vya Kigezi na kusini mwa Ankole, kuanzia Rubanda, Kabale na Rukiga hadi Ntungamo na Isingiro, kwa sehemu kubwa ni mwambatope na jamaa zake waliokazwa na joto na mgandamizo wa ardhini. Hata hivyo udongo wake mwingi umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, na una tindikali. Mistari meupe inayokatiza mawe ya huko kwa kawaida ni kwatzi, jiwe jeupe gumu ambalo halina chokaa hata chembe. Wengi huidhania kuwa chokaa.

Mawe ya chokaa yanajulikana Muhokya na Hima wilayani Kasese, Dura wilayani Kamwenge, Tororo na vilima vya Sukulu, na Tapac wilayani Moroto. Kandokando ya Fort Portal majivu ya volkano yenye chokaa yaliangukia juu ya miamba ya aina nyingine, kwa hiyo jiwe la chini linaweza kukosa chokaa na udongo wa juu ukawa nayo. Kwenye miteremko mikavu ya Bonde la Ufa, mvua haitoshi kuisafisha chokaa, basi hushuka kidogo na maji kisha hukauka na kubaki kama vinundu vyeupe sentimita 30 hadi 60 chini. Jina la wilaya, basi, halitoshi. Hata pande mbili za kilima kimoja zinaweza kutofautiana.

Hatua ya 1: Pima chokaa

Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye sahani nyeupe au kifuniko cha plastiki, uponde hadi uwe unga. Mimina siki matone kumi, sogeza sikio karibu, tazama. Chokaa ikikutana na tindikali hutoa hewa, na utaona vipovu au utasikia mchemko mdogo. Siki ya dukani ni dhaifu, kwa hiyo ipe dakika moja. Juisi ya limau inafaa pia. Usijaribu kwa maji ya betri: yanaunguza ngozi na macho, na matone yanayoruka hayatoi onyo.

Kuna jambo linalowapotosha watu hapa. Udongo mkavu ukimwagiwa kimiminika chochote hutoa hewa iliyokuwa kwenye vitundu vyake, na vipovu hivyo si vya chokaa. Kwa hiyo lowesha udongo kwanza kwa maji safi, subiri vipovu viishe, ndipo uweke siki.

Ofisa kilimo au maabara wakiwa na tindikali ya haidrokloriki ya asilimia 10, majibu yake yanasomeka vizuri zaidi. Kimya kabisa: hakuna chokaa. Mchemko unaosikika lakini hauonekani: chini ya asilimia 2. Vipovu vinavyoonekana: asilimia 2 hadi 10. Povu jembamba juu ya udongo: 10 hadi 25. Povu zito linalopanda: zaidi ya 25. Kwa kilimo mpaka muhimu uko kwenye ile hatua ya vipovu kuonekana. Kuanzia hapo udongo unatawaliwa na chokaa, na hutaweza kuubadilisha.

Pima udongo wa juu, wa sentimita 20 hadi 40, na unga wa jiwe lenyewe. Majibu ya ngazi hizo tatu yakitofautiana umejifunza jambo kubwa. Udongo wa juu kimya na wa chini unachemka maana yake mvua inaiosha chokaa taratibu na una kina kidogo salama cha kupandia. Udongo wa juu unachemka na wa chini kimya maana yake chokaa imetoka kwingine: majivu ya volkano, vumbi, au maji yaliyotiririka kutoka juu ya kilima.

Kuhusu ile mistari meupe kwenye mawe, tumia msumari na kucha. Kinachokwaruzika kwa kucha na hakichemki ni jasi. Kinachokwaruzika kwa msumari lakini si kwa kucha, na kinachemka, ni chokaa. Kinachokataa msumari na kukwaruza kioo cha chupa ni kwatzi. Jiwe la chokaa lenye magnesi nyingi halichemki likiwa zima, hivyo liponde kabla ya kulihukumu.

Hatua ya 2: Chimba mashimo matatu

Kwenye mteremko udongo hausimami mahali pamoja. Juu karibu na kilele unakuta sentimita 10 hadi 20, kisha mwamba uliovunjika. Katikati unaongezeka kidogo. Chini kabisa, mahali ambapo kila mvua imekuwa ikiangusha mzigo wake, unaweza kuzamisha mtaimbo mita nzima. Chimba shimo moja kila sehemu, upana wa sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30, ukitumia sururu na si jembe. Ukuta wa shimo uupunguze kwa kisu ili matabaka yaonekane.

Angalia rangi. Udongo wa juu mweusi wenye punje za mviringo zinazovunjika kwa vidole ni dalili njema sana. Kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, huunganisha mboji na udongo wa mfinyanzi, na punje hizo hazimumunyuki kirahisi zikipigwa na mvua. Hii ndiyo zawadi ya udongo wa chokaa: maji huingia vizuri, nyungunyungu hupenda, na hautoi ule utando mgumu juu. Chini ya tabaka hilo ukikuta udongo wa kijivu au mweupe, uweke alama. Huo hautakiwi kuletwa juu ya shamba kamwe. Angalia pia mizizi ya magugu. Ikishuka wima hadi ndani ya nyufa za mwamba, miti na mbaazi vitafuata njia hizo. Ikipinda na kutambaa kwa ulalo, kuna tabaka lililofungwa.

Sasa pima mawe. Shimo la sentimita 30 pande zote lina lita 27. Toa kila kitu, pitisha kwenye chekeche la wajenzi lenye matundu madogo, kisha mawe yaliyobaki yatumbukize kwenye jerikeni ya lita 20 iliyokatwa juu, ambayo umeshatia maji lita 8 na kuweka alama. Kiasi ambacho maji yamepanda ndicho ujazo wa mawe. Yakipanda hadi lita 20, mawe ni lita 12, karibu asilimia 45 ya udongo. Mawe yasipoenea mara moja, pima kwa awamu mbili na ujumlishe.

Namba hiyo inaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya maji. Udongo wa tifutifu huweka karibu milimita 15 za maji yanayoweza kutumiwa na mmea katika kila sentimita 10 za kina. Kina cha sentimita 40 bila mawe kinaweka milimita 60. Nusu ikiwa mawe, zinabaki 30. Mahindi yanapochanua hunywa takriban milimita 5 kwa siku, kwa hiyo akiba inatosha siku sita tu badala ya kumi na mbili. Vigae vya mwambatope vilivyoanza kuoza hunyonya maji kidogo navyo, kwa hiyo hali halisi huwa afadhali kuliko hesabu, lakini usipange msimu kwa kutegemea hiyo afadhali. Mbolea nayo: kipimo cha eka kimekadiriwa kwa udongo mtupu. Nusu ikiwa mawe, gawa kipimo mara mbili au tatu za kuweka, la sivyo chumvi ya mbolea inajikusanya kwenye udongo mdogo na kuunguza mizizi.

Usiyatoe mawe yote shambani. Vigae vilivyolala juu hukinga matone ya mvua, hupunguza maji yanayopotea kwa jua, na hupunguza kasi ya maji yanayoteremka. Toa yanayozidi ukubwa wa ngumi kwenye mistari ya kupandia, mengine yaache.

Hatua ya 3: Tazama matabaka yameinamia wapi

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoua. Tafuta mahali mwamba uko wazi: ukingo wa barabara, machimbo ya mawe, korongo. Mwambatope una matabaka, na matabaka hayo yameinama. Yakiinamia ndani ya kilima, kila tabaka hutoka nje kama kidato cha ngazi na kushika udongo. Yakiinama kufuata mteremko, kuelekea bondeni, udongo wote wa juu umekalia utelezi: maji ya mvua hupenya, hufika kwenye tabaka laini la mfinyanzi, hulifuata, na siku moja kipande kizima cha shamba huteremka.

Kwenye mteremko wa aina hii ya pili usichimbe mitaro ya kuhifadhi maji. Mitaro inayosifiwa sana kwingine, hapa inayapeleka maji palepale yanapoleta madhara. Unachohitaji ni mtaro wa kuyatoa maji pembeni, wenye mwinuko mdogo wa sentimita 50 kwa kila mita 100, hadi kwenye njia ya maji iliyopandwa nyasi au kujengwa kwa mawe.

Dalili za ardhi inayoanza kusogea ni ufa wenye umbo la upinde sehemu ya juu, miti iliyopinda shina karibu na ardhi, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, na milango ya nyumba inayokwama ghafla. Ukiona ufa wakati wa mvua, hamisha watu kwanza, shamba baadaye. Maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 yalitokea kwenye udongo wa Mlima Elgon ulio mzito na wenye kina, tofauti na huu wa vigae, lakini mtu asijidanganye kwamba udongo mwembamba wa mawe hauporomoki. Huporomoka pamoja na mwamba wake.

Ukali wa mteremko upime hivi: chukua ubao wa sentimita 100, weka ncha moja ardhini upande wa juu, unyooshe kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha ya pili iliyo hewani kwenda chini hadi ardhini. Sentimita ulizopata ndizo asilimia za mteremko. Pima sehemu tano na utafute wastani. Chini ya 30 unaweza kulima mazao ya msimu ukiwa na makinga, yaani matuta ya kuzuia maji na udongo. Kati ya 30 na 55, kuta za mawe ni lazima na ni bora mazao ya kudumu yachukue nafasi kubwa. Zaidi ya 55, tunashauri miti na nyasi tu, bila jembe.

Hatua ya 4: Peleka sampuli maabara

Sehemu tatu za mteremko ni sampuli tatu, usizichanganye. Kila sehemu chukua udongo wa sentimita 0 hadi 20 kutoka pointi kumi hadi kumi na tano, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, toa mawe, funga nusu kilo. Andika kwenye karatasi asilimia ya mawe uliyoipima, maana maabara inapima udongo laini tu na haitajua kwamba nusu ya shamba lako ni vigae. Maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo iko Kawanda, kaskazini mwa Kampala, na Chuo Kikuu cha Makerere nacho hupima udongo. Vituo vya utafiti vya kanda, Kachwekano kwa Kigezi, Rwebitaba kwa Fort Portal, Buginyanya kwa Elgon na Nabuin kwa Karamoja, vinaweza kukuelekeza.

Omba mambo mawili kwa jina. Kwanza, fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen. Njia nyingine hutumia tindikali, na chokaa ya udongo huila tindikali hiyo kabla haijafanya kazi, ukapata jibu la uongo. Pili, omba kiasi cha chokaa kwa asilimia, si pH (kipimo cha tindikali) peke yake. Udongo wa chokaa husoma pH kati ya 7.5 na 8.4, iwe chokaa ni asilimia 3 au 30. Ikizidi 8.5, shaka sodiamu. Hilo ni tatizo jingine na tiba yake ni nyingine.

Ukitaka kupima pH nyumbani kwa karatasi, tumia maji ya mvua. Maji ya kisima ya maeneo ya chokaa tayari yana chokaa ndani yake.

Hatua ya 5: Chora kontua na ujenge kuta

Kontua ni mstari unaokatiza mteremko kwa usawa uleule. Ili kuichora, tengeneza fremu A: miti miwili iliyonyooka ya mita 2, uifunge juu, ncha za chini ziachane mita 2, na mti mmoja wa kukatiza katikati. Ning'iniza timazi ya kamba na jiwe kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza, kisha igeuze miguu ibadilishane nafasi zilezile na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Tembea nayo kukatiza mteremko, ukipiga kigingi kila mguu unapotua kamba ikiwa katikati. Siku ya upepo timazi hucheza, subiri utulie.

Umbali kati ya kuta hutokana na ukali wa mteremko. Gawa tofauti ya kimo unayoitaka kwa mteremko. Kwa tofauti ya mita 1.2: mteremko wa asilimia 30 unakupa mita 4 kwa ulalo, asilimia 40 mita 3, asilimia 50 mita 2.4.

Fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa na udongo kutupwa upande wa juu, hufaa palipo na kina cha udongo cha kutosha. Penye sentimita 30 za udongo na mwamba chini yake haufanyi kazi, kwa sababu utatupa vigae na udongo mweupe juu ya shamba. Hapa jenga ukuta wa mawe na uache mvua yenyewe ijaze nyuma yake. Wanaotaka matuta ngazi bapa mara moja wafanye hesabu hii: kukata ngazi iwe sawa, upande wa juu unakatwa kina cha nusu ya tofauti ya kimo. Tofauti ya mita 1.2 inadai kukata sentimita 60. Kama udongo wako ni 40, sentimita 20 za mwisho ni mwamba, na ukingo wa juu wa ngazi hautaotesha kitu kwa misimu mingi.

Kabla ya kujenga, pima mawe yenyewe. Mwambatope mwingine hulainika ukilowa. Loweka vipande kumi usiku kucha, vikaushe juani mchana kutwa, rudia mara nne. Vikivunjika kuwa maganda au tope, visiingie ukutani; vitandaze shambani kama matandazo. Kwa uso wa ukuta tumia mawe ya chokaa magumu au ya kwatzi.

Chimba msingi sentimita 25 hadi 30 hadi ufike udongo mgumu, sakafu yake iiname kidogo kuelekea kilimani. Upana wa chini sentimita 60 hadi 80, wa juu 30 hadi 40, kimo kisizidi mita 1. Uso uegemee kilimani sentimita 25 kwa kila mita ya kimo. Mawe makubwa chini. Kila jiwe refu lilazwe likielekeza ncha yake ndani ya kilima, si kulala sambamba na uso. Hapo ndipo kuta nyingi huanguka: fundi anapanga mawe kwa ubapa wake ili ukuta upendeze, na hakuna kinachoushika kwa nyuma. Kila mshono ufunikwe na jiwe la safu inayofuata. Nyuma ya ukuta jaza kokoto, upana wa sentimita 20, ndipo udongo. Usitumie saruji wala kuziba nafasi, kwa sababu ukuta unaopitisha maji hausukumwi nayo.

Juu ya ukuta, upande wa ndani, panda vetiva au nyasi za tembo mstari mmoja, sentimita 15 kati ya shina na shina. Nyasi za tembo hunyonya sana, kwa hiyo zikatwe kabla hazijafika kimo cha mtu na zipewe ng'ombe.

Kigezi, ambako makinga yalienezwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940, kuna somo moja ambalo lingali linaonekana. Udongo mzuri hujikusanya ukingo wa chini wa kila tuta na ukingo wa juu hubaki dhaifu. Mkulima akiona mazao ya ukingo wa chini yanavyostawi, hushawishika kubomoa ukingo ili autawanye udongo. Mvua kubwa inayofuata humchukulia wote. Badala yake peleka samadi yote nusu ya juu ya tuta, misimu mitatu mfululizo, na nusu ya chini uipe mabaki ya mazao tu.

Hatua ya 6: Chagua mazao yanayokubali chokaa

Chai, nanasi na viazi mviringo viachie Kigezi yenye tindikali. Chai haitaota, nanasi litageuka manjano, na viazi vitaota lakini vitajaa ukoko wa ngozi unaoshusha bei. Kahawa ya arabika na parachichi hupata njano ya majani pale udongo unapochemka kwa nguvu. Parachichi ukilitaka sana, lipande mahali ambapo sentimita 50 za juu ni kimya kwa siki. Karanga na soya huathirika upesi. Mtama nao, ingawa una sifa ya kuvumilia ukame, ni mwepesi kukosa chuma kuliko mahindi, na wengi hushangaa.

Yanayofanya vizuri ni pamba, alizeti, kunde, fiwi, mbaazi, vitunguu, kabichi na mkonge. Ndizi hustawi kwenye udongo wa chokaa wenye kina na mboji, kwa hiyo ziweke chini ya kilima au nyuma ya ukuta uliojaa. Kwa miti, lusina hupenda chokaa, hurudishia ardhi naitrojeni na mizizi yake huingia kwenye nyufa. Mkwaju na mwarobaini hufaa pande kavu. Grevilea inayopandwa kila mahali huchukia chokaa nyingi. Ukiona ya jirani imefifia na majani ya juu ni manjano, hiyo ni taarifa ya bure kuhusu udongo wako.

Shimo la mgomba au mti wa matunda liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia. Changanya wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri na uurudishe. Ule wa chini, hasa ukiwa mweupe, utumie kujengea ukingo upande wa bondeni. Usiurudishe shimoni hata kama shimo halijai. Kopa udongo wa juu wa pembeni.

Hatua ya 7: Lisha udongo bila kupigana na chokaa

Kuna wanaouza salfa "ya kushusha pH". Fanya hesabu kwanza. Eka moja, kina cha sentimita 15, ina karibu tani 800 za udongo. Chokaa ikiwa asilimia 5, hiyo ni tani 40. Kila kilo ya chokaa inahitaji gramu 320 za salfa kuimaliza, hivyo unahitaji karibu tani 13 kwa eka. Hata mawe yakiwa nusu, bado ni tani sita na ushei. Fedha hizo zinunulie samadi.

Samadi na mboji, tani 2 hadi 4 kwa eka kila mwaka, ndizo zinazofanya kazi kubwa. Mboji inapooza hutoa tindikali ndogondogo zinazofungua chuma na zinki karibu na mizizi, na huongeza maji yanayokaa kati ya vigae. Majivu ya jikoni yapeleke kwenye shamba lenye tindikali, si hapa.

Naitrojeni huruka. Urea ikitupwa juu ya udongo wa chokaa hugeuka amonia na kupotea hewani ndani ya siku chache, zaidi jua likiwa kali. Mbolea ya salfeti ya amonia nayo hupotea vivyo hivyo kwenye chokaa, ingawa mara nyingi hutangazwa kama dawa yake. Fukia zote sentimita 5 hadi 7 na ufunike siku hiyohiyo. Mbolea ya kukuzia ya CAN hupoteza kidogo kuliko hizo, kwa sababu nusu ya naitrojeni yake iko katika hali isiyoruka.

Fosforasi hushikwa na kalisi ikitawanywa shamba zima. Iweke kwenye mstari au shimo, karibu na mbegu bila kuigusa. Kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi), karibu gramu 5, kwa shimo la mahindi, kisha udongo sentimita 5, kisha mbegu. DAP ikigusa mbegu kwenye udongo wa namna hii hutoa amonia na mbegu huoza bila kuota. Unga wa jiwe la fosfeti kutoka Sukulu au Busumbu una maana kwenye udongo wa tindikali unaouyeyusha. Kwenye chokaa hubaki unga miaka na miaka.

Soma majani kabla ya kununua dawa. Majani machanga ya manjano huku mishipa ikibaki kijani: chuma. Mahindi machanga yenye ukanda mweupe pande mbili za mshipa wa kati, kuanzia chini ya jani: zinki. Majani ya zamani ya manjano kote: naitrojeni. Majani ya zamani yanayoungua kingo: potasiamu, ambayo kalisi nyingi huisukuma pembeni. Salfeti ya chuma ikimwagwa ardhini hapa haina faida, kwa hiyo nyunyizia majani. Kwa bomba la lita 15, gramu 75 za salfeti ya chuma na juisi ya malimau mawili. Kwa zinki, gramu 75 za salfeti ya zinki pamoja na gramu 40 za chokaa iliyozimwa, ichujwe. Hiyo chokaa inazuia majani yasiungue. Jaribu mimea michache kwanza, nyunyizia jioni, rudia baada ya siku 10 hadi 14. Majani mapya yanayotoka baadaye hayajapata kitu, ndiyo maana kunyunyizia mara moja huonekana kama kumeshindwa.

Hatua ya 8: Ingia shambani mvua ikinyesha

Kuta zikaguliwe wakati wa mvua kubwa za kwanza, Machi na Septemba. Tafuta mambo manne. Maji yanayoruka juu ya ukuta mahali pamoja: kontua ilikosewa, ongeza safu moja ya mawe hapo na uteremshe maji pembeni. Ukuta uliotoa tumbo: maji yamenaswa nyuma yake, fumua sehemu hiyo yote hadi msingi na uijenge upya kwa kokoto zaidi. Usiukandamize ukajidai umeshikana. Tope linalotoka kupitia mawe: kokoto za nyuma ni kubwa mno, tia ndogo. Na mifereji midogo inayoanzia nje ya shamba, kwa jirani wa juu au kwenye njia ya ng'ombe, haitibiki ndani ya shamba lako. Zungumza na jirani mkate mtaro mmoja wa kugeuza maji juu ya mpaka, kabla ya mvua ya pili.